Bulon za Inchi katika Mji wa Milimita

Mimi, chuma hakiwezi kunishangaza tena. Nimeona injini ikipasuka kama chungu. Nimeona pampu iliyozama mto Lualaba ikitolewa ikiwa na samaki ndani, nami jioni ile ile nikaifanya ipige maji. Ninyi vijana mnaokuja karakana yangu ya Alunguli, ng'ambo ya mto kutoka mjini Kindu, kuuliza kazi hii ilikuwaje zamani, kaeni vizuri. Nitawaeleza jinsi mtu aliyeacha shule darasa la nne alivyogeuka fundi anayetafutwa na Kindu nzima, na jinsi ubishi wa inchi na milimita ulivyonifuata tangu siku ya kwanza ya kazi mpaka siku nilipoweka kle, yaani spana, chini.

Ilikuwa wakati wa vita. Reli ilikuwa imekufa, mto umefungwa, chumvi inakuja kwa ndege tu. Mimi nilikuwa kijana wa kusukuma baiskeli. Sikusema kupanda, nimesema kusukuma: unafunga fimbo kwenye usukani, nyingine nyuma ya kiti, unapakia magunia mpaka baiskeli haionekani, kisha unatembea nayo hadi Kalima na kurudi na mchanga mweusi wa machimbo ya bati. Mgongo wangu niliuharibu pale. Barabara ilipojaa wenye bunduki, nikasema sasa basi, nitafute kazi yenye paa. Nikaingia kwenye karakana iliyokuwa inatengeneza mashine za kukoboa mpunga, ng'ambo, upande wa mjini.

Mkubwa wa pale tulimwita Shefu wa Atelie. Alikuwa mzee wa Kiislamu, kofia ya kufuma kichwani, mikono myeusi kwa grisi lakini kanzu yake ya Ijumaa nyeupe kama pamba. Hakuniuliza cheti. Alimwaga mbele yangu ndoo nzima ya bulon, yaani zile skrubu nene zinazoshika mashine, pamoja na ekru zake, yaani vile vichwa vyenye tundu vinavyozifunga. Akaniambia nizitenganishe. Nikazipanga kwa urefu, fupi huku, ndefu huku, safi kabisa. Aliporudi kutoka kusali alizitazama, akacheka.

"Umepanga kama mama anapanga mihogo sokoni," alisema. "Urefu haiko kitu. Angalia meno, mutoto."

Hilo ndilo somo langu la kwanza, nami nawapa bure. Bulon ya milimita kumi na mbili na bulon ya nusu inchi ni kama mapacha. Vichwa vyao vinalingana: kle ya kumi na tisa, kile chuma cha kufungia, inazikamata zote mbili. Unene wao unapishana kwa kitu kidogo kuliko ukucha. Lakini meno yao, ile mikato inayozunguka, si sawa. Ya inchi yameachana zaidi. Ukitia ile ya kumi na mbili kwenye ekru ya nusu inchi, inaingia kwa raha, inazunguka, inaonekana imefungwa. Kumbe imeshika hewa. Mashine ikianza kutetemeka, inatoka.

Shefu wa Atelie alikuwa mtu wa milimita. Alijifunzia kwa Wabelgiji, na kwake milimita ilikuwa adabu. Alisema kipimo kinachokwenda kwa kumi kumi hata mtu kama mimi anaweza kukihesabu kwa vidole, na kwamba mita ni ile ile Kindu, Kisangani na Lubumbashi. Inchi, ambayo sisi kwa kufuata Kifaransa tunaiita puse, aliidharau waziwazi. Alisema ni dole gumba la mzungu mmoja aliyekufa, na yeye hakuona sababu ya kupimia mashine kwa dole gumba la marehemu.

Lakini mashine zilizokuwa zinatulisha hazikumsikiliza. Nyingi zilikuwa za mfanyabiashara mmoja wa Butembo, Patron tulimwita, mnene, mcheshi, Mkristo wa kusali kila Jumapili. Injini zake zilikuwa za Kimarekani, kila bulon puse. Vita vilimkuta Kindu na vikamfungia humo humo, kwa hiyo alikuwa anashinda karakanani kwetu, amekaa juu ya tairi, akibishana na Shefu huku sisi tukifanya kazi.

Siku moja Patron alinyoosha kidole kwangu. "Muulize huyu kijana wa baiskeli. Baiskeli iliyokulisha, mupira yake ni ishirini na nane. Ishirini na nane ya nini? Kilo?"

Nikajibu ni ishirini na nane puse.

"Umesikia, Shefu? Na bomba ya maji hapo inje? Robo tatu ya puse. Mupira ya gari? Puse. Wabelgiji wenyewe walikuwa wanauza bomba kwa puse, na hakuna aliyewachapa."

Shefu hakuinua kichwa. "Na ile mali huyu mutoto alikuwa anatoa Kalima, walikuwa wanaipima kwa dole gumba ao kwa kilo?"

Watu wote wakacheka, Patron akacheka kuliko wote. Halafu akatoa hoja yake kubwa, ambayo mimi niliichukua moja kwa moja. Alisema inchi haitaki shule. Chukua kamba ya inchi moja, ikunje, una nusu. Ikunje tena, una robo. Tena, una nusu ya robo. Mtu asiyejua kuandika jina lake anaweza kugawa inchi mpaka ikwishe, lakini mwambie agawe kumi katika sehemu tatu sawa, uone. Mimi niliyeacha shule darasa la nne nilimtazama Patron kama mtu aliyenifungulia mlango.

Sasa, bulon hazikuwepo. Ndege zilileta chumvi, sabuni na askari. Nani atapakia bulon? Ndipo ikaanza ile desturi yetu ya kuvalisha. Unachukua bulon ya kumi na mbili, ambayo ilipatikana kwenye magari yaliyokufa kando ya barabara, unachomoa nyuzi za gunia la mchele, unazizungusha kwenye meno kwa kukaza, halafu unaitia kwenye tundu la nusu inchi. Nyuzi zinajaza ile nafasi. Inashika. Inashika kweli, ukiikaza tena kila mara na ukiisikiliza kwa sikio. Shefu alikataza kwa siku chache, akisema bulon haiko bibi arusi ya kuvalishwa. Kisha mashine iliyokuwa inakobolea mtaa mzima ikasimama, kina mama wakapanga mstari na mpunga wao mpaka barabarani, naye mwenyewe akaomba gunia.

Tukavalisha vita vyote. Hatukuwa na njia nyingine na sijutii hata bulon moja. Kila dereva, kila mwenye mashine alijifunza kwetu, wakapeleka ujuzi ule hadi Kibombo na vijiji vyake. Mtu alivalisha bulon kama anavyofunga kamba ya kiatu.

Vita vilipokwisha, Patron alinichukua niwe Mkubwa wa Mashine zake zote. Hiyo ndiyo nafasi yangu ya pili, na hapo ndipo nilipokuwa mtu. Shefu wa Atelie aliniaga kwa kunipa kle yake ya kumi na tisa, akaniambia nisisahau milimita nikifika kwa wale wa dole gumba. Alifariki baadaye, Mungu amrehemu. Mimi nilizunguka na pikipiki na sanduku la taro. Taro ni kile chuma cha kukatia meno ndani ya tundu. Unakizungusha polepole na mafuta, unarudi nyuma kidogo, unasonga mbele, kama mtu anayebembeleza. Nilikuwa na taro za inchi ambazo hakuna mwingine jimbo zima la Maniema aliyekuwa nazo. Watu walinisubiri. Wenye diploma walinisubiri. Nilijenga nyumba ya matofali ya kuchoma, nikanunua kiwanja kingine, na Patron alipoamua kurudi kwao Butembo nilifungua karakana yangu mwenyewe hapa Alunguli, bila mkopo wa mtu na bila barua ya mtu.

Msimamo wangu ulikuwa mmoja, na uliandikwa kwa rangi juu ya mlango: MASHINE IBAKI NA KIPIMO ILICHOZALIWA NACHO. Injini ya inchi utaipa inchi. Ya milimita utaipa milimita. Kuvalisha, hapana.

Aliyenipinga alitoka nyumbani kwangu. Binti yangu Mariamu alisoma shule ya ufundi mpaka akapata diploma, akarudi kufanya kazi nami. Ni fundi mzuri, nimemfundisha mimi. Lakini alirudi na milimita kichwani kama marehemu Shefu. Tulibishana karakanani, tukabishana tukila, mama yake akatukataza kutaja bulon mbele ya sahani. Mariamu alisema madukani sasa kila kitu kinatoka China, na China inaleta milimita. Mimi nilimwambia duka si fundi.

Basi ikaja habari ya kijiji kinachoitwa Tunda. Chama cha kina mama wanaolima mpunga kule kilinunua mashine moja ya zamani ya Patron, injini yake ya Kimarekani na kila kitu. Kiongozi wao ni Mama Zaina, mwanamke mfupi, sauti ya chini, anayesikilizwa na watu warefu. Alinipigia simu mavuno yakikaribia: mashine inatetemeka mpaka vikombe vinaanguka nyumba ya jirani. Wanunuzi wa mchele wa Kindu wameahidi kuja na gari, lakini kwa mchele uliokobolewa tu. Mashine isipofanya kazi, gari litakwenda vijiji vingine, na chama kitabaki na mpunga na deni la mashine.

Tulikwenda, mimi na Mariamu. Nikafungua, nikakuta nusu ya bulon zimevalishwa. Nyuzi za gunia za tangu vita, zimegeuka nyeusi, zimeungua.

Mariamu alisema mbele ya wote kwamba tutoboe matundu yote yawe makubwa, tukate meno ya milimita kumi na nne, mambo yaishe. Ni kazi inayowezekana: tundu la nusu inchi ukilipanua kidogo, kumi na nne inakaa vizuri. Nilikataa. Nikawaambia kina mama kwamba mashine hii ilizaliwa na inchi, na mimi ndiye mtu pekee wa kuirudishia inchi zake.

Halafu nikasimama nikaapa. "Mashine hii ikisimama tena kwa sababu ya bulon, ni miye njo nitalipa. Hata faranga moja haitatoka kwenu."

Mama Zaina alitikisa kichwa kukubali, akasema wamesikia.

Niliagiza bulon za nusu inchi kutoka mbali, zikaja kwa ndege. Nikatoa kila uchafu uliovalishwa, nikasafisha meno kwa taro, nikafunga mpya moja baada ya nyingine. Tulipoiwasha, Mama Zaina aliweka kikombe cha chai juu ya msingi wa injini, na chai haikumwagika. Kina mama wakapiga vigelegele. Nilirudi Alunguli kifua mbele, na sioni kwa nini nisiwe hivyo, maana kazi ile ilikuwa safi.

Mavuno yalikuwa katikati simu ilipolia. Mama Zaina hakunilaumu, alinieleza tu. Mwendesha mashine wao alifungua kiti cha beringi, yaani ile nyumba ya chuma inayoshika mhimili, ili akisafishe. Bulon moja ikaanguka kwenye pumba za mpunga, na mlima wa pumba pale ni mrefu kuliko mtu. Akatafuta, akakosa. Akaenda dukani Tunda, akanunua bulon inayofanana. Kle ya kumi na tisa ikaikamata. Ikaingia. Aliona imelegea kidogo, basi akachomoa nyuzi za gunia akaivalisha, kama baba yake alivyomfundisha. Mashine ikafanya kazi asubuhi yote. Baada ya chakula ile bulon ikaachia, kiti cha beringi kikapasuka, mkanda ukaruka juu ya vichwa vya watu ukachana bati la paa. Hakuna aliyeumia. Lakini mpunga ulikuwa umeanikwa, mvua ilikuwa inakuja, na gari la wanunuzi lilikuwa limeegeshwa pale, dereva wake akiuliza kila saa.

Njiani, nimekaa nyuma ya Mariamu kwenye pikipiki kwa sababu ya mgongo, nilikuwa natayarisha maneno ya kumwambia yule mwendesha mashine. Maneno makali, niliyapanga vizuri. Tulipofika Mama Zaina aliyaona usoni kwangu.

"Fundi, usimukaripie. Alienda duka, akanunua kile duka iko nacho."

"Mama, nilisema nusu puse. Kumi na mbili hapana. Nilimwonyesha na meno."

"Ulimwonyesha. Nusu puse iko wapi hapa Tunda?"

"Iko kwangu."

"Kwako ni wapi?"

"Alunguli, Mama. Unajua."

Akaokota kopo la kupimia mchele lililokuwa juu ya gunia. Ni lile kopo la maziwa ya unga ambalo kila soko la kwetu linalo.

"Hii tunapimia," alisema. "Kubwa ao ndogo, hatukuuliza. Inatufaa kwa sababu kila muntu iko nayo. Yangu ikipotea, naazima kwa jirani na hakuna ugomvi. Bulon yako ikipotea, Fundi, tuazime kwa nani?"

Nikaangalia ile mashine yangu nzuri, bulon zake zote za inchi zinang'aa, halafu nikaangalia anga. Wingu lilikuwa limekaa upande wa Kibombo.

Mariamu alikuwa anafungua mzigo nyuma ya pikipiki, na humo mlikuwa na vyuma vya kutobolea na taro ya kumi na nne. Alivibeba bila kuniambia.

"Leta," nilimwambia.

"Baba, mgongo wako. Niache nitoboe."

"Nimesema leta."

Sikumpa mtu. Niliapa mimi, nikatoboa mimi. Kila tundu lililozaliwa nusu inchi nililipanua kwa mkono wangu, jenereta ya kukodi ikinguruma nyuma, kisha nikakata meno ya milimita, mafuta kidogo, mbele, nyuma, mbele. Nilipokuwa siwezi kuinama tena nililala chini kwenye pumba nikaendelea nimelala. Kiti kipya cha beringi kililetwa kutoka Kindu na kijana wa pikipiki. Mvua ilinyesha, kina mama wakabeba mpunga wakauingiza kanisani na nyumba ya imamu, popote palipo na paa. Dereva wa wanunuzi alitaka kuondoka. Mama Zaina alimpelekea wali na samaki, akakaa naye, akamwuliza habari za watoto wake mmoja mmoja mpaka dereva akaona haya kuwasha gari.

Mashine ilipowaka, gari lilikuwa bado lipo. Wakakoboa, wakapakia, likaondoka limelala upande kwa uzito.

Sikuishia hapo. Nilikwenda kwa yule mwenye duka, nikamwachia sanduku la bulon za kumi na nne na ekru zake, nikamwambia auze kwa bei aipendayo ila zisikose kamwe. Mwendesha mashine nilimpa mkono. Yale maneno niliyoyapanga njiani sikuyatumia. Mama Zaina alisema kina mama watachanga. Nilikataa, akasema tena, nikakataa tena, nikamkumbusha kiapo kilikuwa cha nani.

Ile ndiyo kazi yangu ya mwisho kubwa. Mgongo haukunisamehe. Karakana ni ya Mariamu sasa, yale maandishi ya mlangoni ameyapaka rangi juu, na mimi nilimshikia ngazi. Ninakaa hapa asubuhi, nasikiliza injini zinazoletwa, nawaambia ugonjwa wake kabla hawajafungua, na huwa sikosei.

Msinielewe vibaya. Inchi ni kipimo kizuri, sirudishi neno hata moja. Inagawanyika vizuri kuliko milimita, na ilinilisha mimi na watoto wangu. Shefu alitetea kipimo chake kwa sababu ya shule, Patron alitetea chake kwa sababu ya mkono, na wote walikuwa mafundi kunizidi. Lakini wote wawili walibishana ndani ya karakana, mahali ambapo fundi yupo na taro zipo. Ninyi mkiitwa kwenye mashine, kabla hamjagusa kle, tembeeni kwanza mpaka duka la karibu. Ulizeni wanauza bulon gani. Kisha ulizeni ni nani atabaki na mashine mkishaondoka, na anajua nini. Baada ya hapo ndipo mchague kipimo, na mkishachagua mkisimamie mpaka mwisho, hata kama ni cha yule mliyekuwa mnabishana naye mezani.

Wengine mjini wanasema ile safari ya Tunda ilinifilisi. Uongo. Wengine wanasema nilisaidiwa na mradi fulani. Uongo zaidi. Nililipa mwenyewe, na kila kitu nilihesabu na Mariamu mezani: bulon za inchi zilizokuja kwa ndege, kiti cha beringi, vyuma vya kutobolea, jenereta ya kukodi, bati la paa, sanduku la dukani, na petroli ya kwenda na kurudi mara zote. Dola mia sita arobaini na tatu, na faranga elfu nane mia tano.